Sulhu Isiyomlinda Aliyedhulumiwa

Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa msikiti mjini Mombasa, kuhusu mashtaka ya dhuluma za nyumbani na amri ya ulinzi ya mahakama



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu waheshimiwa, na mama zangu na dada zangu mlioko upande wa pili wa pazia, leo nimeombwa na Imamu wetu nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida hatulitamki msikitini, bali hulinong'ona vibarazani. Nalo ni jambo la mtu kumpiga, kumtisha au kumtesa mtu wa nyumbani mwake, na yale ambayo sheria ya nchi yetu ya Kenya inasema juu yake. Mimi si wakili wala si sheikh. Nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, na tangu wakati huo nimekuwa mmoja wa wazee wanaokaa kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Kwa hiyo mambo haya nimeyaona kwa pande mbili: nikiwa kwenye meza ya mahakama na nikiwa kwenye mkeka wa msikiti.

Kabla sijaingia katika sheria, yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe, ili mjue kwa nini nimekubali kusimama hapa.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja, si wa msikiti huu, akiwa na mtoto mgongoni. Alilalamika kwamba mumewe humpiga. Tulikuwa wazee watatu. Tukamwita mume, naye akaja kwa heshima, amevaa kanzu yake safi, akainamisha kichwa, akasema kwamba shetani alimpitia. Tukamnasihi. Tukamnasihi na mama naye kuwa na subira na kuchunga ulimi wake. Tukasoma Fatiha, wakaondoka pamoja. Katika daftari letu tukaandika neno moja tu: wamesuluhishwa. Baada ya miezi michache akarudi, nasi tukafanya vile vile. Mara ya tatu hakuja yeye. Alikuja kaka yake kutuambia kwamba dada yake yuko hospitali, amevunjwa taya.

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa hawezi kusema vizuri, lakini aliniuliza jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: “Mzee, mbona hamkuniuliza hata siku moja kama naogopa kurudi?”

Ndugu zangu, hatukumuuliza. Tulimkalisha mbele ya yule aliyekuwa akimpiga, tukamtaka aseme yote hapo hapo, kisha tukamrudisha naye usiku ule ule. Na mimi, niliyekuwa nimeandika kwa mkono wangu maombi ya watu mahakamani kwa miaka mingi, sikumwambia kwamba iko sheria ambayo ingeweza kumlinda. Niliona haya. Nilidhani kwamba kumwonyesha njia ya mahakama ni kuivunja ndoa yake. Leo nataka kueleza kwamba nilidhani vibaya.

Je, ugomvi wa nyumbani ni jinai?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi. Wengi wanaamini kwamba yanayotokea ndani ya nyumba ni siri ya wenye nyumba, na kwamba polisi hana haki ya kuingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu heshima ya utu wake, na kifungu cha 29 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa namna yoyote, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mume ni mtu binafsi, na mwana ni mtu binafsi. Hakuna mlango wa nyumba unaoizuia haki hiyo.

Tena Kanuni ya Adhabu, ambayo ni sheria ya siku nyingi kabla ya Katiba hii, haikumtoa mume wala mzazi wala ndugu. Kumshambulia mtu kwa kawaida, hata bila jeraha kubwa, ni kosa chini ya kifungu cha 250. Kumshambulia na kumsababishia madhara ya mwili ni kosa chini ya kifungu cha 251, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Na kumdhuru mtu vibaya, kama kumvunja kiungo au kumtia kilema, ni kosa chini ya kifungu cha 234, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Yule mume aliyevunja taya ya mkewe alisimama mbele ya hakimu kujibu shtaka kama hilo. Hakuna aliyemuuliza kama aliyempiga ni mkewe au ni mpita njia.

Wako wanaoishika Aya ya 34 ya Sura An-Nisaa na kuifanya ngao. Mimi si mfasiri wa Qur'ani, nayo si kazi yangu kufanya hivyo mbele ya Imamu. Lakini nililofundishwa na masheikh wa pwani hii ni kwamba wanavyuoni wameifunga ruhusa hiyo kwa masharti mazito mno: hakuna kuumiza, hakuna kuacha alama, hakuna kugusa uso. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi katika miji yetu, aliona kwamba kuacha kupiga ndiko bora zaidi. Na imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Basi mtu anayemvunja mkewe taya kisha akaitaja Aya, ajue kwamba hana hoja kwa Mola wake wala hana utetezi mahakamani.

Sheria ya mwaka 2015

Kwa muda mrefu nchi yetu ilikuwa na adhabu tu kwa aliyekwisha kupiga. Haikuwa na sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kumzuia mtu wa nyumbani asipige tena. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ambayo ni sheria namba 2 ya mwaka huo. Yafaa kila mzee wa msikiti aijue, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba sheria hii imeeleza dhuluma kwa upana. Kupiga ni sehemu yake moja tu. Humo mna kutisha, kumfuatafuata mtu, kumtukana na kumvunjia heshima kwa kudumu, kumuumiza kwa mambo ya mali kama kumnyima njia ya riziki yake, kuharibu vitu vyake, na kumfungia nje ya nyumba anamoishi. Mna pia ndoa za watoto, ndoa za kulazimisha, ukeketaji, na hata jamaa wa upande wa mume au mke kuingilia nyumba ya watu kwa maudhi.

Sababu ya pili ni kwamba haiwalindi wake peke yao. Inamlinda kila aliye au aliyekuwa katika uhusiano wa nyumbani na mwenye kumdhulumu: mke au mume, mtalaka, mchumba, mtoto, mzazi, ndugu, na wanaoishi pamoja katika nyumba moja. Ninalisema hili kwa sababu katika mitaa yetu hii tunawajua akina mama wazee wanaolala na ufunguo chini ya mto, wakiwaogopa wana wao waliozama katika dawa za kulevya, ambao wamekwisha kuuza sufuria na televisheni na sasa wanamnyanyulia mama mkono ili awape pesa. Mama huyo hataki mwanawe afungwe. Anataka alale kwa amani. Sheria hii inamhusu yeye pia. Na mume anayepigwa na mkewe, ambaye hathubutu kusema kwa kuchelea kuchekwa, inamhusu vile vile.

Amri ya ulinzi ni nini?

Amri ya ulinzi ni agizo la mahakama linalomkataza mtu fulani kumfanyia mtu fulani dhuluma. Mwenye kudhulumiwa huenda katika mahakama ya hakimu na kutoa ombi, akieleza kwa kiapo yaliyompata na anayoyaogopa. Ikiwa aliyedhulumiwa ni mtoto, au ni mtu asiyeweza kuomba mwenyewe kwa sababu ya udhaifu au hofu, sheria imeweka njia ya mwingine kuomba kwa niaba yake.

Kwa kuwa hatari haingoji tarehe ya kesi, hakimu akiridhika kwamba dhuluma imefanyika au yaelekea kufanyika, na kwamba ulinzi unahitajika mara moja, aweza kutoa amri ya muda hata kabla ya mlalamikiwa kusikilizwa. Kisha mlalamikiwa hupelekewa hati, naye huja kujibu. Baada ya kuwasikiliza wote wawili, hakimu huamua kama atoe amri kamili au aiondoe ile ya muda.

Amri hiyo yaweza kusema nini? Yaweza kumkataza mlalamikiwa kupiga, kutisha au kumsumbua mwombaji. Yaweza kumkataza asifike nyumbani kwake au kazini kwake. Yaweza kuamuru silaha zichukuliwe. Yaweza kumpa aliyedhulumiwa haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na kumtaka mwenzake atoke, hata kama mwombaji si mwenye nyumba. Yaweza pia kuwafunika watoto.

Na mtu akiivunja amri hiyo hali anaijua, amefanya kosa la jinai. Adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 100,000, au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili.

Tofauti ya amri na mashtaka

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nawaomba mnisikilize kwa makini.

Mashtaka ya jinai hutazama nyuma: fulani alifanya nini siku ile, na anastahili adhabu gani? Mwenye kushtaki ni serikali, kupitia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Aliyepigwa ni mlalamishi na shahidi. Na ili mshtakiwa atiwe hatiani, ushahidi lazima uondoe kila shaka ya maana.

Amri ya ulinzi hutazama mbele: fulani azuiwe vipi asifanye tena? Mwenye kuomba ni yule aliyedhulumiwa mwenyewe. Hakimu hupima tu upande upi una uzito zaidi. Amri hii haimwiti mtu mhalifu, haimfungi, wala haimwandikii doa la hukumu, maadamu anaitii.

Mtu aweza kutumia njia moja, au zote mbili kwa pamoja. Nami nawaambia kwamba mara nyingi zote mbili huhitajika, na sababu yake ni hii. Mtu akikamatwa, Katiba katika kifungu cha 49 inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata. Na kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa iwepo sababu nzito ya kumzuia. Hiyo ni haki yake, wala hatuipingi, maana bado hajahukumiwa. Lakini tazameni maana yake kwa yule mke. Amekwenda kushtaki Jumatatu, na huenda Jumatano mume akawa amerudi mlangoni, ana hasira kuliko alivyoondoka. Siku hizo za katikati ndizo za hatari, na amri ya ulinzi imewekwa kwa ajili yake.

Je, mlalamishi aweza kuifuta kesi?

Wazee wengi hufanya sulhu kisha humtuma mwanamke kituoni akaseme kwamba amesamehe. Ndugu zangu, kesi ya jinai ikisha kufika mahakamani haimo tena mkononi mwa mlalamishi. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa mujibu wa kifungu cha 157 cha Katiba, hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Ni kweli kwamba kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida, sheria inamruhusu hakimu kuhimiza suluhu baina ya watu. Lakini mwenye kuamua kama suluhu hiyo inafaa ni hakimu, naye humuuliza mlalamishi kama amekubali kwa hiari yake. Nimewaona kwa macho yangu wanawake waliosema “nimesamehe” huku wakimtazama mjomba aliyeketi nyuma ya chumba. Hakimu naye huona.

Na anayemtisha shahidi ili aiache kesi, au anayemlipa ili apotee siku ya kusikilizwa, anajiongezea kosa jingine. Mzee wa msikiti asiwe mjumbe wa kazi hiyo, hata akiombwa na rafiki yake wa tangu utotoni.

Je, amri ya ulinzi ni talaka?

La. Amri ya ulinzi haivunji ndoa. Mke aliyepewa amri bado ni mke, na wajibu wa mume wa matumizi ya watoto wake haukuondoka. Mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake yamewekwa kwa Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba. Mashtaka ya kupiga si ya Kadhi, ni ya hakimu. Kwa hiyo mtu asimwambie mwanamke: “Nenda kwa Kadhi tu, polisi ni kwa makafiri.” Hilo si neno la dini wala si neno la sheria.

Ninazijua ndoa ambazo amri ya ulinzi iliziokoa. Mume alipoona kwamba jambo limeandikwa na limetiwa muhuri, alishtuka, akaenda kukaa kwa ndugu yake, akakubali kupata ushauri, na baada ya muda wakarudi mahakamani pamoja kuomba amri ibadilishwe. Na hii ndiyo njia iliyo salama: amri ni ya mahakama, basi anayetaka kurudi nyumbani arudi kwanza mahakamani. Asitegemee ujumbe wa simu wa kuitwa, wala maneno ya jirani kwamba mambo yamekwisha.

Vipi kuhusu anayesingiziwa?

Nimeulizwa na vijana: “Mzee, je, mwanamke akisema uongo?” Ni swali la haki, nalo halifai kudharauliwa. Mshtakiwa ana haki zake zote. Anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, ana haki ya wakili, ana haki ya kuwahoji mashahidi wa upande wa pili na kuleta wa kwake. Aliyepewa amri ya muda bila kusikilizwa ana haki ya kuja kusikilizwa na kuomba iondolewe. Na anayesema uongo kwa kiapo anafanya kosa mbele ya sheria, na kabla ya hapo amefanya dhambi kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Lakini anayesingiziwa ajilinde mahakamani. Asiende kumngoja mwanamke njiani amuulize kwa nini amemshtaki. Akifanya hivyo huku iko amri, ameivunja, hata kama madai ya kwanza yalikuwa ya uongo.

Nafasi ya sulhu

Sasa mtaniuliza: basi baraza la sulhu lina kazi gani? Je, hatukuamrishwa katika Aya ya 35 ya Sura An-Nisaa kuleta mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke? Ndiyo, tumeamrishwa. Na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi na njia za jadi za kutatua ugomvi. Lakini kifungu hicho kimeweka mpaka: njia hizo zisivunje haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Na Aya nayo inazungumza juu ya mfarakano baina ya wawili. Mfarakano ni wa watu wawili wanaovutana. Mmoja akiwa na ngumi na mwingine akiwa na hofu, hayo yana jina jingine, nalo ni dhuluma.

Tazameni Mtume (s.a.w.) alivyofanya. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud kwamba Habiba binti Sahl alikuwa mke wa Thabit bin Qais, naye Thabit akampiga hata akamuumiza kiungo. Habiba akaja mlangoni kwa Mtume baada ya alfajiri. Mtume hakumrudisha nyumbani usiku wala mchana. Hakumuuliza alisema nini hata akapigwa. Alimwita Thabit, akamwamuru apokee baadhi ya mali aliyompa mkewe na kuachana naye. Na Thabit alikuwa sahaba mwenye heshima, msemaji wa Ansari. Heshima yake haikuzuia malalamiko ya mkewe kusikilizwa na kuamuliwa.

Tena Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na akiwa anadhulumu. Masahaba waliposhangaa, aliwaeleza kwamba kumsaidia mwenye kudhulumu ni kumzuia mkono wake. Mimi naiona amri ya ulinzi kuwa namna moja ya kuuzuia mkono huo. Tulipomsomea Fatiha yule mume na kumpa mkewe arudi naye, hatukumsaidia hata yeye. Tulimwachia mkono wake mpaka ukampeleka gerezani.

Mapendekezo yangu kwa wazee

Tangu siku ile ya hospitali nimejiwekea masharti, na leo nawaomba wazee wa baraza letu tuyakubali kuwa ya wote.

Kwanza, mwenye kulalamika kupigwa asikilizwe peke yake, wala asikalishwe mbele ya anayemlalamikia. Ikiwa ni mwanamke, awepo mama anayeaminika pamoja nasi. Na aulizwe waziwazi: je, unaogopa kurudi leo? Je, ametishia kukuua? Je, nyumbani kuna silaha? Je, watoto wako salama?

Pili, akisema anaogopa, asirudishwe usiku ule. Atafutiwe mahali pa kulala kwa jamaa zake au kwa familia inayoaminika. Gharama ya kulala kwake siku mbili tatu si nzito kwa jamaa inayochangia harusi na maziko.

Tatu, aliyeumia apelekwe hospitali kwanza. Matibabu hayangoji fomu. Kisha aende kituo cha polisi, taarifa yake iandikwe katika kitabu cha matukio, apewe namba yake ya OB, na achukue fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza kueleza majeraha. Sheria ya 2015 inamtaka polisi amweleze mlalamishi haki zake, zikiwemo matibabu, mahali pa hifadhi na njia ya kuomba amri, na mlalamishi ana haki ya kuomba maelezo yake yachukuliwe na afisa wa jinsia yake. Mmoja wetu amsindikize. Mwanamke aliyefuatana na mzee wa msikiti hupokewa kwa namna nyingine kuliko aliyekuja peke yake.

Nne, daftari letu liandikwe vizuri: tarehe, alilosema, alama tulizoziona, na ahadi alizotoa mume. Neno “wamesuluhishwa” halikumfaa mtu yeyote siku tulipotakiwa kueleza tunayoyajua.

Tano, tukiitwa mahakamani kutoa ushahidi, twende. Sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, katika Aya ya 135, inatutaka tusimame na haki hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Na sita, sulhu ifanyike pale tu ambapo hofu imeondoka, au hatari imezuiwa na amri ya mahakama, na pande zote mbili zimeitaka kwa hiari. Hapo ndipo waamuzi wa familia wana nafasi yao, nayo ni nafasi kubwa.

Kwa dada zangu walioko nyuma ya pazia, na kwa kila anayenisikia ambaye nyumbani kwake si salama: kusubiri juu ya shida ya maisha ni ibada, lakini hukuamrishwa kungoja mpaka uvunjwe mifupa. Ipo namba ya simu 1195, isiyotozwa malipo, kwa ajili ya kusaidia waliofanyiwa dhuluma za namna hii. Hifadhi karatasi zako za hospitali na namba yako ya OB mahali ambapo mwingine hazioni. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Ukija kwetu, tutakusikiliza, na safari hii tutakuuliza lile swali.

Yule mama alipona. Sijui kama ametusamehe sisi wazee watatu, wala sikuthubutu kumuuliza. Wenzangu wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki, nami nimebaki na daftari lile. Namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie tulipozembea, azitie nyumba zetu upendo na huruma, na atujaalie tuwe watu ambao mnyonge akiwakimbilia hujuta kwa nini hakuja mapema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.